Programu Iliyokataa Kumficha

Kwenye shingo ya Mama Anaeli palikuwa na kidole, na hakikuwa cha mtu yeyote wa ukoo ule. Winfrida alikuza picha. Kilikuwa kirefu, cheusi, kimekaa kooni kama cha mtu anayebonyeza parachichi sokoni aone kama limeiva.

"Davis, hebu njoo uone."

Mdogo wake aliacha chai. Asubuhi nzima walikuwa wakijaribu programu tatu za kusafisha picha ghafi, zile ambazo kamera huzitoa bila kuzipaka chochote, wachague moja kwa ajili ya studio yao ya Kiboriloni. Mbili zilikuwa maridadi, zinang'arisha ngozi zenyewe. Ya tatu ilikuwa ya bure, nzito, na sura yake haitamaniki. Walizijaribu kwa picha alizopiga Winfrida kwenye ibada ya shukrani ya mama yao, Mama Anaeli, kule mlimani kihambani, kwenye shamba la ukoo la migomba na kahawa. Tangu ibada hiyo sauti ya mama ilikuwa inakwisha, na hospitali hawakuona kitu. Sasa alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, anangoja achague picha ya sebuleni.

Davis aliifungua picha ileile kwenye programu ya kwanza. Hakuna kidole. Ya pili, hakuna.

"Si unaona? Ni hilo liprogramu lako bovu," alinong'ona. "Tuchukue ya kwanza, dada, yaishe."

Winfrida akafungua picha iliyofuata kwenye ile mbaya. Mkono mzima, na nyuma ya mkono, katikati ya migomba, mtu mrefu asiye na kivuli. Harufu ya maganda ya kahawa yaliyooza ikajaa studio mchana kweupe, spika zikaanza kuhema ingawa Davis alikuwa ameshazichomoa, kuhema kukawa maneno, na maneno yakatoka kwa sauti ileile ya mama yao iliyokuwa ikipotea: "Nifiche, mwanangu. Chagua zile nzuri. Wewe sitakugusa."

"Mfiche, dada! Nakuomba!"

Winfrida aliogopa, tusidanganyane. Lakini hasira ilizidi: jini gani hili, linamwibia mama wa watu sauti, halafu linaomba lipambwe?

Mama Anaeli akainuka, akaitazama skrini. Hakupiga kelele.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alinong'ona. "Likuze hilo, mwanangu. Nilione vizuri."

Winfrida akazifuta programu zote mbili nzuri, Davis akilia pembeni. Akaikuza picha mpaka ule uso ukajaa skrini.

"Hapa hakuna wa kukupamba," akauambia. "Toa mkono wako. Unaonekana."

Mkono ukaachia, kidole kimoja kimoja. Mama akakohoa kwa nguvu, kisha akasema, "Bwana asifiwe!" kwa sauti nzito, yake mwenyewe, mpaka jirani akaitikia kutoka dukani kwake.

Lakini yule mtu mrefu hakuondoka. Aligeuza shingo polepole, akamwacha mama, akamtazama aliyempiga picha.

Winfrida akavuta kiti karibu na skrini.

"Haya," alisema. "Sasa tutazamane."