Tatu Zaidi Katika Elfu

"Kunywa, Wachuka. Wageni wanangoja," Mzee Wahome alimwambia binti yake.

Wachuka hakunywa. Aliishika pembe ya muratina, pombe ya mila, kwa mikono miwili, macho kwa Hezekiah, mchumba wake aliyerudi majuzi kutoka masomoni Ulaya. Nyumba nzima ya baba yake pale Wamagana ilimtazama. Mwaka huo wa 1968 mila ilikuwa ileile: binti akionja kwanza, baba hunywa, na ndoa imekubaliwa. Asipoonja, wageni huchukua makoti yao wakarudi Nyeri mjini.

"Nikitundika koti yako nimepata tiketi ya ndege," alimwambia Hezekiah. "Ya kurudi Ulaya Jumatatu. Ulikuwa uniambie lini?"

Mama yake Hezekiah alimgeukia mwanawe. Hata yeye hakujua.

"Ni miaka mbili tu," Hezekiah alijibu. "Kule tuko na picha za chembe ndogo sana, zikivunjika. Kila chembe iko na mwenzake wa kinyume. Wakikutana, wote wanaisha. Dunia ilianza hizo mbili zikiwa sawa, zingemalizana zote, lakini si sisi tuko hapa? Kwa picha zetu, upande moja inazidi. Kama tatu hivi kwa elfu moja. Hakuna mtu anajua ni kwa nini."

"Ati unaacha msichana wangu juu ya tatu?" Mzee Wahome aliuliza.

Wachuka hakucheka. Hayo yote alikuwa ameyasoma kwenye barua za Hezekiah.

"Mimi na hiyo kazi, unapenda gani zaidi?"

Mwanamume mwingine angedanganya papo hapo. Huyu, Mungu amsaidie, alifikiri kwanza.

"Napenda zote sawa."

"Sawa? Uliniandikia mwenyewe: zikiwa sawa, hakuna kitu inabaki."

Akaanza kuirudisha muratina kibuyuni. Hezekiah alipoona inamiminika, aliinuka.

"Ngoja! Ni wewe. Wewe unazidi."

"Nazidi na ngapi?"

"Kidogo. Kidogo tu, Wachuka. Siwezi kukudanganya."

"Kidogo!" Murugi, shangazi yake Wachuka, aliguna. "Ni aibu gani hii?"

Lakini Wachuka alikuwa analia. Miaka minne ya barua tamutamu, na hili ndilo neno la kwanza aliloliamini lote.

"Toa tiketi."

Akaitoa. Wachuka akaonja, akampa baba yake pembe na tiketi. Mzee Wahome aliikunja tiketi mara mbili, akaitia mfuko wa ndani wa koti lake mwenyewe, ndipo akanywa.