Kigae cha Ashera

Maiti ya Wesley Kiptoo, msomaji wa maandishi ya kale, ililala chini ya ngazi ya chuma, ndani ya ghala la makumbusho ya binafsi huko Lusail, Qatar. Kando yake, sakafu ilikuwa na unga mwekundu wa udongo.

"Ameteleza," alisema Cornelius, fundi wa kukarabati vyombo vya kale. "Nimefika nikamkuta hivi." Yeye na marehemu walitoka Kenya pamoja, wakapanga chumba kimoja Al Rayyan.

Inspekta Jasim, aliyelelewa kwa Kiswahili na mama Mzanzibari, alichutama. Daktari wa polisi alikwisha kumnong'oneza: jeraha la kisogoni ni la nyundo.

"Chombo cha udongo kikianguka hupasuka," Jasim alisema. "Hiki kimesagwa. Kilikuwa nini?"

"Kigae, kipande cha mtungi wa Waisraeli wa kale. Kilikuwa na maandishi."

"Yanasemaje?"

"Upuuzi. Eti Yahwe na Ashera wake. Mungu na mungu wa kike."

Michelle, mkuu wa makumbusho, aliyesimama mlangoni, aligeuka. "Wesley alikisafisha na kukisoma leo asubuhi. Alinipigia simu mimi tu, akicheka kwa furaha."

"Basi wewe umejuaje, Cornelius?" Jasim aliuliza.

Cornelius alitazama mikono yake. "Nilikuwa hapa," alisema hatimaye.

Kituoni aliomba maji, hakuyanywa.

"Ulimuua kwa kuwa alikufuru?"

"Hakukufuru, afande. Wesley alikuwa mcha Mungu kuliko mimi. Alisema hilo si jambo geni: manabii walilaani nguzo za Ashera, na marabi wakakataza hata kuketi kivulini mwa mti wake. 'Watu hawakatazwi wasilolifanya, ndugu yangu,' akasema. Waisraeli hao walimwomba Yahwe pamoja na Ashera, na bado wakajihesabu watu wa Yahwe."

"Sasa nyundo ya nini?"

Cornelius alisukuma bilauri ya maji kando.

"Mama yangu alikuwa akimwomba Mungu na marehemu nyanya yangu kwa pumzi moja. Kila asubuhi alimwaga uji kidogo mlangoni kumtambikia. Nikaita wazee wa kanisa. Nikamfukuza nyumbani. Alifia kwenye kibanda cha kupanga, mvua ikinyesha, na majirani ndio waliomfumba macho."

"Na Wesley?"

"Aliyajua yote hayo, lakini furaha ilimsahaulisha. Alinisomea akicheka. Nikampiga. Kisha nikakisaga kile kigae, nikidhani yale maneno yatakoma."

Jasim alisogeza kinasa sauti karibu.

"Miaka yote nilijiambia nilitetea imani ya wale watu wa Biblia. Kama hata wao waliomba vile, afande, mama yangu alikosa nini?"

Inspekta alizima kinasa sauti, akamwita askari wa zamu.