Tinti ya Gari la Yero

Kila Jumatatu asubuhi Yero Wone huosha gari lake, hufuta vioo, kisha humpeleka mama yake hospitali ya Matam, mji wa huku kaskazini mwa Senegali. Siku nyingine gari hubeba abiria. Jumatatu ni ya mama. Bibi Takko anaumwa moyo, na daktari amemwonya asikose kliniki.

Gari ni la zamani na kiyoyozi chake kimechoka. Kutoka kwetu Thilogne hadi Matam ni safari ndefu, na mwezi wa tano jua la huku halina adabu. Linapita kwenye vioo vya pembeni na kumkalia mtu mapajani mpaka afike. Jumatatu moja, wakirudi mchana, Bibi Takko alitapika njiani. Walipofika alishuka akijishika ukutani, akamwambia mwanawe kwa upole kwamba hospitali haendi tena.

"Neene, mama yangu, dawa zitaisha," Yero akasema.

"Ziishe. Bora nife kitandani kwangu kuliko kuokwa kama mkate."

Yero aliogopa sana. Mama yake akifoka, husahau. Akisema kwa upole, amekwisha amua.

Kesho yake akaenda sokoni kwa Ngor Faye, fundi anayebandika tinti, yaani ile karatasi nyembamba ya plastiki ya vioo vya gari. Ngor ni Mserer, nasi watu wa huku Fuuta ni watani wa kabila hilo la Waserer tangu enzi za mababu. Mserer hakupi hata salamu bila kukutukana kwanza na kukuita mtumwa wake, na wewe usipomjibu hivyo anaona unaumwa. Yero akamwambia anataka tinti nyeusi tii, gari lipoe.

"Ukitaka giza, fumba macho," Ngor akamjibu. "Nyeusi hii haizuii joto sana. Chukua hii nyepesi."

"Bei yake?"

"Mara tano ya ile nyeusi. Mtumwa wangu huwa simpunguzii."

Yero akacheka, akaondoka. Alijua anataniwa. Nani asiyejua kwamba nyeusi ni kivuli, na kivuli ni baridi? Akaenda kwa fundi mwingine, akabandikiwa nyeusi ya bei rahisi, vioo vyote, hata cha mbele.

Ilibidi ambembeleze sana mama yake ili apande Jumatatu ile. Njiani askari akawasimamisha, akasema vioo vya giza namna ile haviruhusiwi bila kibali, akawachelewesha sana. Mchana vioo vyenyewe viliwaka, hata Bibi Takko alipoegemea kioo aliruka kwa moto wake. Jua lilipoanza kuzama wakiwa bado barabarani, punda alisimama mbele yao na Yero hakumwona mpaka alipokuwa karibu kabisa. Alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Walipofika nyumbani neno la Bibi Takko likawa lile lile: hospitali haendi tena.

Dikel, mke wa Yero, alimsikiliza mumewe mpaka mwisho. "Ulimuuliza mtani, ukacheka," akasema. "Rudi kamuulize bila kucheka."

Yero akarudi. Safari hii alianza na habari ya mama yake, na Ngor akaacha utani hapo hapo. Alichukua vipande viwili vya kioo. Kimoja kilikuwa na tinti nyeusi, kingine ile nyepesi. Akavishika juani, akamwambia Yero aweke mkono chini ya kimoja, kisha chini ya kingine. Chini ya cheusi palikuwa na giza, lakini joto lilimfikia. Chini ya chepesi palikuwa na mwanga, na joto lilikuwa dogo.

"Jua lina mwanga na lina joto," Ngor akaeleza. "Nyeusi hii imezuia mwanga. Joto imelinywa, kioo kimewaka, nalo linakurudia humo ndani. Hii nyepesi imetengenezwa kulirudisha joto nje. Lakini usinunue kwa kutazama rangi. Zipo nyepesi za uongo pia. Weka mkono kwanza, kama hivi."

"Kwa hiyo inafaa?"

"Gari linalotembea juani na mgonjwa ndani, inafaa. Gari la kulala kivulini, hela hiyo mnunulie mama kuku. Na ujue, tinti haileti baridi. Ukiliacha gari juani litachemka tu. Fungua milango hewa ya moto itoke, ndipo uwashe kiyoyozi. Na usimwache mtu ndani, mtoto wala mzee, hata ukisema unarudi sasa hivi."

Yero akanung'unika kwamba angeambiwa hivyo tangu mwanzo.

"Nilikwambia," Ngor akasema.

"Nilidhani unanitania."

"Nilikutania kwenye bei."

Bei ya kweli Yero aliimudu. Ngor akabandua ile nyeusi yote, akabandika nyepesi pembeni na nyuma. Kioo cha mbele akakiacha wazi.

Ilikuwa kazi kumpandisha Bibi Takko tena. Alikubali kwa sharti kwamba akisema rudi, wanarudi. Yero aliendesha huku akisubiri neno hilo. Halikuja. Alipotazama kwenye kioo kidogo cha juu, mama yake alikuwa amelala, mdomo wazi, kitambaa kimeteleza kichwani. Yero alitamani kucheka na kulia kwa pamoja. Akapunguza mwendo asimwamshe.

Walipotoka hospitali Bibi Takko aliagiza wapitie sokoni. Akashusha kioo, akamwita Ngor.

"Mserer, nani alikuruhusu kufanya kazi nzuri hivi?"

"Shuka unichotee maji, bibi, nitakwambia."

"Nishuke, nitoke kwenye baridi hii? Nimchotee maji mtumwa wangu?" Akapandisha kioo, akamgeukia mwanawe. "Jumatatu usinicheleweshe. Daktari hapendi."