Doa Pembeni ya Picha

Kraaa!

Ubao uliachia chini yangu, nikazama hadi kwapani! Miguu inaning'inia hewani... chini ni saruji tupu, ghorofa nzima!

Nilipiga yowe mpaka njiwa wote wakatoka.

Simu ilikuwa bado mkononi. Nikasema nimpigie mtu... Nani sasa?! Wafuasi elfu kumi na mbili, jamani, lakini namba ninazopiga mimi ni mbili tu: mwenye nyumba na muuza gesi.

Nikaanza kulia.

Ngoja kwanza. Mnanijua, yule dada wa magofu. Ijumaa natangaza jengo, Jumapili asubuhi naenda kulipiga picha. Hospitali iliyofungwa, jumba la sinema lililobaki na popo... Nayapenda kwa sababu jengo tupu halikuulizi mbona uko peke yako.

Na nyie mnazipenda picha zangu kwa kuwa ndani yake hamna mtu hata mmoja. Mnataka siri? Mtu akitokea, namfuta! Nagusa kwa kidole, kwisha habari yake. Sura wala siangalii. Kwangu ni doa tu pembeni.

Hata Jumapili hiyo, kabla sijaingia, nilifuta kimtu fulani pale getini.

Basi, niko vile vile nimening'inia, nikasikia viatu kwenye ngazi. Ko... ko... ko...

"Tulia, Chiriku! Usijitikise!"

Chiriku ni jina langu la utotoni, waliniita hivyo kwa kuropoka. Na sauti ile sikuwa nimeisikia miaka minne, tangu mwenyewe alipooa miezi mitano tu baada ya mama kufa.

Baba!

Akalala kifudifudi, akanishika makwapa yote mawili, akanivuta. Mzee wa miaka sitini na nane!

"Kanyaga penye misumari," akasema. "Chini yake ndiyo kuna boriti."

Seremala ni seremala. Tukashuka msumari kwa msumari, tukakaa kwenye ngazi ya chini tunahema.

"Umejuaje niko hapa?"

"Si unatangaza mwenyewe? Mbao za majengo haya zimeoza, mwanangu. Huwa nakuja, nasimama nje mpaka utoke."

"Huwa? Tangu lini?"

"Tangu ile hospitali."

Hospitali! Miezi minane hiyo!

"Sasa baba, mbona hukuniita?"

Akavua kofia yake ya kijivu, akawa anaipangusa vumbi.

"Niliogopa utanifukuza. Nikawa nasimama mahali kamera itaniona. Jioni nafungua ukurasa wako... simo. Ukuta upo, geti lipo, mimi simo. Nikasema basi, ameniona, akanitoa. Bado hajanisamehe."

Nikamshika tu mkono, nikalia upya.

Nilipofika chumbani kwangu nilifungua picha halisi, zile ambazo sijazigusa. Nikazikuza moja moja.

Kofia ya kijivu ukutani. Kofia ya kijivu chini ya mlingoti. Pale kwenye sinema alikuwa ameinua mkono... ananipungia! Na mimi nilimfuta huku nakunywa chai.

Sitawadanganya, hasira ya ile ndoa bado ninayo kidogo. Lakini nilikuwa nalala nalia kwamba sina mtu duniani, na mtu wangu alikuwa amesimama juani kila Jumapili, miezi minane, ananisubiri nitoke salama.

Ndugu zangu, kabla hujamtoa mtu maishani mwako, kuza picha kwanza. Mwangalie usoni.

Picha ya leo ndiyo hii, nimeiweka kabla sijaandika haya. Haitishi, najua. Na kuna mmoja wenu ameshaandika hapo chini, "Dada, mfute huyo mzee, anaharibu."

Simfuti. Huyo ni baba yangu.