Afisa Asiyekaa Kitini

Kipaza sauti kilizimika katikati ya sentensi, tena sentensi yenyewe ndiyo watu waliyokuwa wameisubiri tangu asubuhi.

"Kuhusu lango..." alisema afisa, na hapo sauti ikakatika.

Akakitikisa. Akakipigapiga kiganjani. Akabonyeza kila kilichobonyezeka. Soko zima lilimtazama akitokwa na jasho ndani ya fulana yake ya buluu ya kazini, beji ikining'inia shingoni, viatu vyake vyeusi vimekuwa vyeupe kwa vumbi.

"Lete hapa, dada," ilisema sauti nyuma yake.

Alikuwa mwanamume mrefu, amevaa ovaroli, mikono ya ovaroli ameifunga kiunoni, na bisibisi ameichomeka nyuma ya sikio pale ambapo wengine huweka kalamu. Akafungua kifuniko, akatoa betri, akazisugua kwa pindo la shati, akazirudisha.

"Haya, sema. Ila tafadhali sema kitu kipya. Ile 'tutalifikisha kwa wahusika' tunaijua hata bila kipaza sauti."

Umati ukavunjika mbavu. Afisa alitaka kukasirika, akajikuta anacheka kuliko wote. Ndivyo walivyokutana.

Mji ule ulikuwa umetoka vitani, na soko lake kubwa lilikuwa limekatwa vipande viwili, Juu na Chini. Wanajeshi wa kulinda amani waliziba njia ya katikati, iliyoitwa lango, kwa matofali makubwa ya zege, watu wa huku na wa kule wasiendelee kuchomeana vibanda. Vita vikaisha, zege likabaki. Mtu aliyetaka kuvuka alizunguka kwa barabara ya darajani, safari ya nusu siku.

Yeye hakuwa mwanajeshi. Alikuwa afisa wa masuala ya kiraia, mgeni kutoka nchi nyingine, na silaha yake ilikuwa maneno. Kazi yake ilikuwa kuwasikiliza raia, kupeleka kilio chao kwa wakubwa wa ujumbe wa amani, kisha kuwarudishia majibu. Tatizo ni kwamba majibu hayakuwa yakirudi. Ndiyo maana kila mtu, hata watoto, walimwita Tutalifikisha.

Yule fundi naye walimwita Baridi, kwa sababu alitengeneza mafriji. Karakana yake ilikuwa upande wa Juu, imepakana na zege lenyewe.

Simu zikaanza.

"Hujambo, Tutalifikisha wangu?"

"Sijambo, Baridi. Umekula?"

"Nitakula nini na wewe hupo? Nimekaa hapa natafuna bisibisi."

"Muongo mkubwa wewe. Nasikia unatafuna sasa hivi."

"Ni njaa ya mapenzi hii, usiidharau."

Kwa kuwa sheria ya kambi iliwataka wafanyakazi wote wawe ndani kabla jua halijazama, mapenzi yao yalikuwa ya saa ya chakula cha mchana. Afisa alimkuta Baridi karakanani akiwa amepiga magoti mbele ya friji la mtu, wakakaa juu ya makreti, wakagawana mkate. Kwenye kona lilisimama friza kubwa jeupe, limefunikwa shuka safi.

"Huyo ni mke mkubwa," Baridi alimwambia siku ya kwanza. "Ni wa Mama Shoka, muuza nyama wa Chini. Aliniletea kabla ya zege. Nimeshalitengeneza zamani, linaganda mpaka linaimba. Lakini nitampelekeaje? Wabeba mizigo wote wanakataa kuzunguka nalo darajani. Mwenyewe anadhani nimelila."

"Nitali..." alianza afisa, akajiziba mdomo.

"Lifikishe tu, mpenzi," Baridi alisema akicheka. "Lifikishe."

Baada ya muda akamwambia lile ambalo mwanamume hulisema akitazama pembeni. "Mama anataka kukuona. Jumapili."

"Jumapili nitakuja," alijibu.

Ijumaa ya wiki hiyohiyo ndipo jambo alilolihangaikia mwaka mzima lilipotokea. Wenyeviti wawili wa soko walikubali kuonana kwa siri, kwenye hema la kambi. Wa Juu alikuwa mzee muuza nafaka, mpole, mgumu wa kusikia. Wa Chini alikuwa Mama Shoka mwenyewe, mwanamke wa miraba minne, mikono imezoea kukata mifupa.

"Nakubali tuzungumzie lango," alisema Mama Shoka. "Ila nina sharti, na sharti langu ni wewe, binti."

"Mimi, mama?"

"Wewe. Yule mwenzako aliyekutangulia alialikwa chai kwa mtu wa Juu. Akakaa, akanywa, akasimulia. Kesho yake siri zetu zote wanazo wao. Sasa mpaka lango lifunguke, hukai kwenye kiti cha mtu yeyote, wa Juu wala wa Chini. Hunywi hata maji. Na mazungumzo haya asijue mtu. Wapo vijana huku na kule wanaokula kwa sababu ya zege hili. Wakisikia, watawasha moto."

"Hata maji, mama?"

"Hata maji. Nikisikia umekaa, mimi simo."

Mzee wa nafaka akaomba arudiwe maneno, akarudiwa, akasema hilo ni la haki. Afisa akakubali. Bosi wake alikwisha kumhakikishia kwamba winchi la kuinulia zege lipo tayari. Alihesabu kwamba ni suala la wiki moja, mbili zikizidi sana.

Hapo ndipo alipokosea. Angeweza kuahirisha Jumapili, lakini aliona aibu kutokwenda, akajidanganya kwamba kwenda na kusimama ni afadhali.

Akaenda. Alivaa gauni la rangi ya maziwa, akasuka nywele upya, akabeba khanga mbili nzuri kwenye mfuko. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, sakafu imepigwa deki mpaka inang'aa. Katikati ya sebule kiliwekwa kiti kimoja cha mbao chenye mito, kiti cha marehemu baba, ambacho hutolewa kwa nadra.

"Karibu mwanangu, karibu. Kaa."

"Ahsante mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa basi."

"Nitasimama tu, mama. Nashukuru sana."

Mama akatazama kiti, akamtazama mgeni. Akakipangusa kwa khanga yake, kiti ambacho hakikuwa na hata chembe ya vumbi. "Kaa, mwanangu. Mguu unauma?"

"Hapana, mama."

"Basi maji?"

"Sina kiu, mama."

Baridi alikuwa amesimama mlangoni na trei ya soda, tabasamu likimyeyuka usoni. Afisa aliongea juu ya hali ya hewa, akasifu mapazia, akauliza afya mara mbili. Kisha akamkabidhi mama mfuko wa khanga, akaaga. Alipokuwa bado uani aliisikia sauti ya mama, isiyojaribu hata kujificha:

"Huyu kaona kiti changu kina kunguni?"

Simu ya jioni haikuwa na mizaha.

"Umemdhalilisha mama yangu."

"Baridi, sikiliza..."

"Nasikiliza. Niambie kwa nini."

Akafumba macho. Mbele yake aliona vibanda vikiwaka. "Siwezi kukuambia."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi. Nivumilie kidogo. Nita..."

"Usithubutu! Usithubutu kunitamkia hilo neno. Mimi si kamati ya soko. Kama sisi ni watu wa kusimamiwa mlangoni, sema."

"Si hivyo, mpenzi."

"Basi ni vipi?"

Simu ikakatwa.

Wiki ya winchi ikafika, winchi halikufika. Bosi, mtu mwembamba aliyependa kuzungusha kiti chake akiongea, alisema winchi limepelekwa kwanza uwanja wa ndege.

"Litarudi lini, bosi?"

"Nimelifikisha kwa wahusika," alisema bosi, na afisa nusura amrushie kalamu. Sasa alijua watu wa soko walivyokuwa wakijisikia siku zote.

Winchi liliporudi, dereva wake alikuwa likizo. Dereva aliporudi, ikatakiwa sahihi ya makao makuu. Sahihi ilipokuja, ilikuwa ya lango jingine, la mji mwingine. Afisa alipiga simu mpaka sikio likamwaka moto. Alisimama kwenye kila mkutano, Juu na Chini, miguu ikivimba, akinywa maji yake ya chupa ndani ya gari kama mwizi. Watu wakabadilisha jina. Wakaanza kumwita Mlingoti.

Mara mbili alipita mbele ya karakana. Mara ya kwanza Baridi aliinama zaidi ndani ya friji. Mara ya pili alimkuta binti mmoja mshonaji amekaa juu ya kreti, kreti lake, akicheka. Muuza vocha wa jirani akamwambia bila kuulizwa kwamba mama mwenyewe ndiye aliyemleta binti huyo.

"Yeye anakaa," aliongeza muuza vocha. "Anakaa vizuri sana."

Siku hiyo alirudi kambini, akajifungia kwenye chumba chake cha kontena, akalia kwa hasira. Angeweza kumaliza yote kwa kukalia kiti kimoja. Lakini ndani ya mwaka mzima ule hakuwa amewapa watu wa soko kitu kingine chochote walichoweza kukishika.

Hatimaye, baada ya miezi kadhaa, winchi likaja. Likaja asubuhi ya siku ya soko, likinguruma, na pande zote mbili zikajaa watu mpaka juu ya mapaa. Sasa siri ilikuwa haina kazi tena. Tofali la kwanza likainuka, vumbi likatimka, watu wakapiga vigelegele. La pili likainuka. Kisha dereva akazima injini, akavua glavu.

"Bado mawili, kaka!" afisa alimpigia kelele kwa kipaza sauti.

"Karatasi yangu inasema mawili, dada. Haya mengine ni ya mwezi ujao."

Alihisi damu inampanda mpaka kwenye meno. Safari hii hakufikisha kitu kwa mtu. Alitukana, kwa lugha ya kwao, na hata ambao hawakuielewa walielewa.

Mzee wa nafaka akasogea. "Basi limefunguka," alisema.

"Halijafunguka," alisema Mama Shoka upande wa pili. "Hilo ni tundu. Panya ndio watapita hapo."

"Mtu anapita."

"Mtu si soko! Mzigo ndio soko!" Akawageukia watu, mikono kiunoni. "Na nisikilizeni nyote. Binti huyu nilimwekea sharti. Nilimwambia asikae kwenye kiti cha mtu, asinywe maji ya mtu, mpaka lango lifunguke, na asimwambie yeyote. Nilitaka nione atavunja lini. Hakuvunja. Mnamwita Mlingoti, mnamcheka, kumbe amesimama kwa ajili yenu. Lakini neno langu ni neno langu. Lango ni mzigo upite."

Nyuma kabisa upande wa Juu, mtu aliangusha bisibisi.

Afisa hakuthubutu kugeuka. Alisikia vishindo vikikimbia, mlango wa karakana ukifunguliwa kwa kishindo, watu wakifokewa, "Pisha! Pisha!" Mkokoteni ukatokea, Baridi mbele akivuta, jasho likimtiririka, na juu yake limefungwa kamba friza kubwa jeupe.

"Mzigo huo hapo, Mama Shoka!" alipaza sauti. "Ni wako. Sikulila!"

Mkokoteni ukaingia penye uwazi, gurudumu likakwaruza zege huku, kona ya friza ikagusa kule, ikakwama. Watu wakaguna. Baridi akatia bega. Mzee wa nafaka akatia bega. Afisa akatupa kipaza sauti chake chini, akaenda nyuma ya mkokoteni na fulana yake ya kazini na beji yake, akasukuma kwa nguvu zote za ile miezi. Friza likalia kwenye zege, likachunika rangi, likapita.

Mama Shoka alilipapasa kama mtoto aliyerudi kutoka safari. "Limefunguka," alisema.

Baridi alisimama mbele ya afisa, akihema. "Ningejuaje?"

"Usingejua. Ndiyo ilikuwa shida yenyewe."

"Nilikusema vibaya."

"Ulisema. Na yule mshonaji?"

"Alikuwa anapima mapazia ya mama."

"Baridi!"

"Haya, alikuwa anapima na mimi. Nikamwambia sina saizi yake." Akajifuta uso. "Nikuulize jambo, na sitaki lifikishwe kwa wahusika."

"Uliza. Mhusika ni mimi."

"Utakubali nikuoe?"

Akamtazama. "Mkataba wangu unaisha kabla ya mvua. Sijui watanipeleka wapi, na nikiwauliza hawatanijibu. Hilo sikufichi. Lakini ndiyo. Nimekubali."

Kabla hajaongeza neno, umati ukagawanyika. Mama alikuwa anakuja, khanga kaifunga kifuani, kiti cha marehemu amekibeba kichwani na mito yake. Akakishusha palepale katikati ya lango, nusu Juu, nusu Chini.

"Sasa kaa," alisema. "Kabla hawajabadili mawazo."

Akakaa. Miguu ilimuuma kwa raha. Mama Shoka mwenyewe akamletea glasi ya maji, akanywa yote bila kupumua, soko zima likipiga makofi. Ndipo simu yake ikaita. Alikuwa bosi.

"Nasikia lango limefunguka nusu. Makao makuu wanataka maelezo sasa hivi. Uko wapi?"

Akatazama mkono wa Baridi uliokuwa begani kwake.

"Nimekaa, bosi," alisema, akazima simu.