Wifi Aliyekuja Bila Kuitwa

Harufu ya kitambaa kilichoungua ilianza siku ambayo pasi haikuwashwa kabisa. Fundi cherehani aliinuka, akaigusa, akaikuta baridi. Akajiambia mimba ina mambo yake, akarudi kwenye cherehani.

Mimba yenyewe ilikuwa siri. Miaka arobaini na minne, na ndiyo ya kwanza! Yeye na mumewe kinyozi walikubaliana wasimwambie mtu, maana midomo ya watu haina kufuli. Mkunga peke yake ndiye aliyejua, naye alimwambia bila kuzunguka.

"Mama, kwa umri huu presha hupanda upesi. Kichwa kikigonga, uso ukivimba au ukiona vimulimuli, usingoje. Njoo mbio."

Wiki hiyohiyo wifi yake akabisha hodi na begi. "Nimekuja kukutunza, wifi yangu. Mzigo huu si wa mtu mmoja."

Fundi akajua mumewe ameropoka kwa dada yake. Mume naye, aliporudi kutoka kazini, akajua ni mkewe aliyeropoka. Kila mmoja akamsamehe mwenzake kimyakimya, na hilo ndilo lililokuwa kosa lao.

Wifi waliyemzoea alikuwa na ulimi wa wembe. Huyu hakulalamikia hata chumvi. Hapo tu mtu angeshtuka! Alipika, lakini hakula. Chai yake ilipoa hadi ikaota utando. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, ila nani humshuku wifi anayeosha vyombo? Miguu ya fundi ilipovimba hata kandambili zikagoma, wifi akacheka: "Ndiyo mimba ya ukubwani. Hospitali watakupasua bure." Kichwa kilipoanza kugonga, akasema, "Lala. Usimsumbue mumeo." Fundi aliona shaka ikimtambaa, akaona aibu kuwa nayo.

Adhuhuri moja akataka kumshonea gauni la shukrani. "Simama nikupime."

Akamzungushia futi kiunoni, akavuta, nayo ikaja, ikaendelea kuja, ikapita pale ambapo mwili ulipaswa kuizuia, mpaka ikajikunja tupu kiganjani mwake, huku gauni la wifi limesimama mbele yake limejaa, na vimulimuli vikimcheza machoni, na harufu ile ya kuungua ikimkaba koo, na yule mtu akimtazama kwa upole uleule.

"Umechoka, wifi," akanong'ona. "Lala."

Fundi alitoka pekupeku hadi kwa mumewe, akamvuta nje akiwa bado na mashine ya kunyolea mkononi.

"Dada yako ulimwita lini?"

"Mimi? Si wewe uliyemwambia?"

Mume akampigia dada yake simu palepale. Dada akapokea, akapiga kelele: "Mimba? Jamani kaka! Mbona mnanificha?"

Hawakurudi nyumbani hata kuchukua nguo. Hospitali presha ilikutwa juu mno; daktari alisema angechelewa kidogo, mama na mtoto wangekwenda pamoja. Wakampasua jioni hiyo. Alikuwa wa kike, mdogo mno, lakini alilia.

Kesho yake wifi wa kweli akafika, akakaa ukingoni mwa kitanda akifoka kwa kufichwa. Fundi akamshika kiuno kwa mikono miwili. Kilikuwapo, kinene na cha moto. Wakacheka mpaka wakalia.

Muuguzi akaingia akitabasamu. "Mwanao anaendelea vizuri kule chumba cha joto. Shangazi yake hajabanduka tangu asubuhi."

Wifi akaukamata mkono wa fundi.

"Ila tumemwita fundi umeme," muuguzi akaendelea, akikunja pua. "Chumba kizima kinanuka kitambaa kilichoungua."