Jasho Chini ya Nailoni

Mpaka leo fundi mbao hajui jasho lile lilitoka wapi. Zege lilikuwa na miezi minne, limekauka kabisa, na mchanga uliokuja kuonekana chini yake ulikuwa mkavu kama unga.

Magharibi ile alipita kwenye nyumba mpya aliyokuwa akiiwekea sakafu ya mbao, kwa jambo dogo tu. Siku mbili kabla alikuwa amebandika kipande cha nailoni sakafuni, kingo zote akaziziba kwa utepe. Ndivyo anavyopima unyevu: nailoni ikibaki kavu, mbao zinapigiliwa. Mbao zenyewe zilikuwa zimepangwa kando ya ukuta wiki nzima, zizoee hewa ya chumba.

"Shemeji, mbao zako unazidekeza kuliko bibi harusi," alitania mwashi aliyemwaga zege lile. Alikuwa amemwoa dada mdogo wa fundi mbao, na dada huyo alitoweka miezi minne iliyopita. Kakimbia na mtu, mwashi alisema. Fundi mbao, mzito wa kumhukumu mtu, alimwamini.

Akachuchumaa.

Nailoni ilituna... ikashuka. Ikatuna... ikashuka.

Harufu ya mafuta ya nywele ikampanda puani. Ukungu wa jasho ulikuwa umetanda chini ya nailoni, na kutoka huko chini kiganja kikaufuta polepole. Kiganja cha kushoto.

Vidole vinne.

Kile cha tano cha dada yake alikikata yeye mwenyewe, utotoni, wakichezea msumeno wa baba yao.

"Paka lami, ufunike," mwashi alinong'ona nyuma yake. "Kesho upigilie mbao. Nakuomba, shemeji."

"Umemweka wapi?"

"Nani?"

Fundi mbao alinyanyua nyundo kubwa, akapiga. Akapiga tena, zege likapasuka. Mwashi akamrukia na sururu, ncha ikamchana bega hadi mfupa mweupe ukaonekana. Damu ilichuruzika mpaka kwenye ufa, nao ukainywa yote, bila kubakiza tone.

Kimya...

Kah! Zege likafunguka.

Mguu wa mwashi ulizama ufani hadi gotini. Kitu kikauvuta. Mfupa ukavunjika, ukavunjika tena, naye akajikwaruza sakafuni mpaka kucha zikang'oka.

"Alikuwa anapumua!" alilia. "Nilimpiga mara moja tu, nikadhani amekufa... Zege lilikuwa limeshafika nusu, shemeji, ndipo akaniita!"

Majirani waliwakuta wote wawili hai. Polisi walimbeba mwashi kwa machela. Kwenye mguu uliovunjika palikuwa na alama nne nyeusi. Kisha wakachimba chumba kizima. Hawakupata mfupa wala uzi wa nguo. Palikuwa na uwazi tu ndani ya zege, umbo la mtu aliyelala kiubavu, mkono wa kushoto ameuinua.

Mama yao alifika, akautazama uwazi ule kwa muda mrefu. Akaamua mchanga wa chini yake uzikwe badala ya mwili, na jeneza litengenezwe kwa mbao zilezile, kwa kuwa zilikuwa zimekaa na binti yake wiki nzima.

Fundi mbao alilitengeneza mwenyewe, bega likiwa na bendeji. Aliponyoosha mkono achukue misumari ya kifuniko, mama akaushika.

"Usipigilie, mwanangu. Safari hii akitaka kutoka, atoke."

Hakupigilia.